Bampa Likilamba Tuta: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Chini Njia ya Tunduma

Gari la chini likiingia Songwe linakutana na mambo matatu kwa mpigo: matuta, lami iliyobonyea, na foleni ya malori. Toyota 86 lilitoka kiwandani likiwa na milimita 130 tu kati ya barabara na tumbo lake. Altezza, Celica na RX-8 nayo si marefu, na Mark X au Crown Athlete ambalo mwenyewe amelikata springi ili lichutame vizuri laweza kuwa chini zaidi ya hapo. Ukitoka Mbeya unapita Mbalizi, Mlowo, Vwawa na Mpemba kabla ya kuuona mpaka wa Zambia pale Tunduma, na kila mji una matuta yake. Mengine yamepakwa rangi, mengine utayajua yakishakwangua kidevu cha gari. Kwa hiyo sitakufundisha namna ya kuishi na bampa lisilo na mkwaruzo. Litakwaruzika. La kujua ni mkwaruzo upi utibiwe leo, upi usubiri kiangazi, na upi uachwe hapo ulipo.

Nasisitiza hilo kwa sababu wenye magari haya wengi hutumia pesa zao kinyume. Mtu analipia rangi mpya ya bampa zima kwa ajili ya michirizi ya chini ambayo hakuna anayeiona mpaka alale chali, huku klipu za pembeni zimekatika na bampa linacheza kila gari linapopita kwenye rasta. Miezi miwili baadaye rangi ile mpya imepasuka kwenye kona, kwa sababu kilichohitaji fundi kilikuwa klipu ya plastiki ya bei ya soda. Anza na mashiko, kisha nyufa, kisha sura. Tumbo la bampa liachie barabara.

Umesikia mlio wa kukwangua? Usijikaze ukaendelea hadi nyumbani. Toka barabarani kabisa, uache nafasi ya malori kupita, washa hazadi, kisha piga goti utazame. Ile plastiki pana inayokinga injini kwa chini ndiyo hutangulia kuumia; ikining'inia, upepo wa mwendo utaimalizia na inaweza kuingia chini ya tairi. Waya wa kufungia nondo unatosha kukufikisha gereji. Kamba za plastiki za kufungia nyaya nazo zinafaa, ila zisikae karibu na egzosi. Tazama kama kuna kinachodondoka. Maji meupe yasiyo na harufu, hasa kama kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, si tatizo. Majimaji ya kijani, mekundu au ya waridi yenye harufu tamu ni ya rejeta, na hapo bampa si habari tena: zima injini uite fundi. Mwisho zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, uone kama plastiki ya ndani ya fenda inagusa tairi.

Kama aliyekukwaruza ni mtu, na Tunduma mara nyingi mtu huyo ni dereva wa lori aliyerudi nyuma kidogo kwenye foleni bila kukuona, piga picha kabla gari halijasogea. Ukiwa umekaa chini hivyo, mita moja nyuma ya tela, vioo vyake havikufikii. Kichwa cha lori na tela vina namba tofauti, kwa hiyo piga picha ya zote mbili. Wapo waliobaki na namba ya tela peke yake huku kichwa kimeshavuka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Lori likiwa la nje, omba kuona kadi ya njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya hasara kwa mtu wa tatu inayovuka mipaka. Tanzania si mwanachama wa COMESA, lakini imo katika mpango wa kadi hiyo. Ongea kwa heshima. Dereva yule amekaa foleni muda mrefu, na ukimwita "kaka" mtaelewana upesi kuliko ukianza na matusi.

Kuhusu bima yako mwenyewe, maneno ni machache. Ile ndogo ya mtu wa tatu haitengenezi bampa lako. Bima kubwa italitengeneza, ila ina kiasi ambacho wewe hutangulia kukibeba, na mkwaruzo mdogo mara nyingi haukifikii. Ukidai kwa kila mchirizi, unapoteza punguzo la asiyedai unapokata bima mwakani. Dai liweke kwa siku bampa litakapovunjika pamoja na taa.

Sasa tuje kwenye mkwaruzo wenyewe. Usiuhukumu gari likiwa na tope. Udongo mwekundu wa Mbozi ukikauka hubaki na chembe za mchanga, na ukiufuta kwa kitambaa kikavu unajiongezea michirizi kwa mkono wako. Mwagia maji mengi kwanza, tope liloe na kudondoka, ndipo uoshe kwa sabuni. Likikauka, pitisha maji tena juu ya alama. Ikipotea kabisa ikiwa na maji na kurudi ikikauka, umekwaruza klia tu, ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Kisha pitisha ukucha kwa kukingama. Ukucha ukipita bila kunasa, kazi ni ya mikono yako na nusu saa. Ukinasa, na ndani unaona rangi ya kijivu ya praima au weusi wa plastiki, sabuni na polishi havitafanya muujiza.

Mara nyingine unachokiona si mkwaruzo hata kidogo, bali rangi ya kitu ulichogusa: chokaa ya ukuta, njano ya ukingo wa barabara, buluu ya mkokoteni uliokupitia mpakani. Hiyo huondoka kwa kitambaa laini chenye spiriti, kisha kompaundi. Usikimbilie thina. Thina ni nzuri kwa jambo moja: kupima. Dondosha tone kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana, tuseme ukingo wa ndani wa bampa. Kitambaa kikichukua rangi, ujue gari limewahi kupuliziwa rangi ya bei nafuu isiyo na hadina, ile dawa ya kuigandisha, hata kama aliyekuuzia aliapa kwamba ni rangi ya kiwandani.

Mkwaruzo wa klia unaondoka kwa msasa wa maji namba 2000, ulioloweshwa kwanza na kuzungushiwa kipande cha sponji ngumu, halafu kompaundi, halafu polishi. Sugua kidogo, futa, tazama. Klia ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Yaani unasugua kitu chembamba kuliko unywele, na kila unapokisugua hakirudi. Ndiyo maana siafiki tabia ya kupitisha mashine ya polishi kila mwezi kwa ajili ya mwonekano wa Jumamosi. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani ni kompaundi dhaifu tu. Itapunguza michirizi myepesi, zaidi ya hapo utakuwa umelipa gari harufu ya minti. Na kiwi ya viatu inayopakwa kwenye plastiki nyeusi ni ujanja wa wauzaji. Ukienda kununua gari, pitisha kidole chini ya bampa.

Hapa kuna jambo linalotakiwa kukutuliza. Bampa la magari haya ni plastiki, kwa kawaida polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo, na plastiki haishiki kutu. Mkwaruzo uliofika kwenye weusi wa plastiki unaweza kukaa mwaka mzima bila kuharibu kitu zaidi ya sura. Lakini kidoti cha saizi ya punje ya mtama kwenye boneti au ukingo wa fenda, ambako ni bati, hakisubiri; mvua moja tu na kutu imeanza. Ukiwa na pesa ya sehemu moja, peleka kwenye bati. Kwenye bampa, la kuangalia ni kingo za rangi iliyobanduka. Mashine ya maji ya mahali pa kuoshea magari ikipigwa kwa karibu huingia chini ya ukingo huo na kubandua kipande kikubwa kama kiganja. Mwambie kijana anayeosha asogeze bomba nyuma.

Kibonyeo bila ufa hutibika nyumbani. Plastiki hii ina tabia ya kukumbuka umbo lake ikipata joto. Chemsha maji; kwa mwinuko wa Tunduma, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yatachemka chini kidogo ya nyuzi 100, na yanatosha. Yamwage taratibu juu ya kibonyeo huku mtu wa pili akisukuma kwa nyuma kwa mkono wenye glovu, kisha mwagia ya baridi ili umbo lishike. Usifanye hivyo alfajiri ya Juni wakati plastiki ina baridi kali, maana rangi inaweza kukatika. Usimruhusu mtu kuleta mtungi wa gesi na moto. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160, na moto hufika huko wakati nyinyi bado mnaongea.

Ufa ni hadithi nyingine. Supa gluu haishiki polipropilini, na puti ya bati iliyopakwa juu ya ufa itapasuka tuta la tatu, kwa sababu bampa linanepa na puti hainepi. Utaikuta kauli hii karibu kila gereji: "Bosi, tunapiga puti kidogo, jioni unachukua gari." Jibu kwa upole kwamba unataka lichomelewe kwa ndani. Kwanza geuza bampa utafute herufi zilizogandamizwa kwenye plastiki: PP, au PP+EPDM, au ABS. Plastiki huchomelewa kwa plastiki ya jina lake, na fundi makini huwa na vipande vya mabampa yaliyovunjika amevihifadhi kwa kazi hiyo. Ncha ya ufa itobolewe kwa keekee ndogo, milimita 3 inatosha, ili ufa usiendelee kutembea. Kisha wavu mwembamba wa chuma uzamishwe kwa ndani kwa pasi ya kuchomea, na plastiki iyeyushwe juu yake. Kwa nje hujazwa puti maalumu ya plastiki, nyembamba, ya kusawazisha tu. Lipu iliyoongezwa na mwenye gari mara nyingi si plastiki bali faiba. Hiyo utaijua kwa nyuzi zinazotokeza pale ilipovunjika, na tiba yake ni kitambaa cha faiba na rezini.

Gari la miaka ya karibuni huenda likawa na rada nyuma ya nembo ya mbele, au vitambuzi vya kuegesha ndani ya bampa. Puti au tabaka nene za rangi mbele yake hupotosha usomaji. Muulize fundi kabla, si baada ya taa ya onyo kuwaka kwenye dashibodi.

Rangi ndiyo inayokula pesa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Soma kodi ya rangi kwenye gari lenyewe. Kwa Toyota utaipata kwenye kibao cha ubavu wa mlango wa dereva au chini ya boneti, baada ya neno COLOR. Nyeupe ya kawaida ni 040, nyeusi ni 202, fedha iliyozoeleka ni 1F7. Ukikuta 070, hiyo ni nyeupe ya lulu, inayopulizwa tabaka tatu, na atakayekupa bei moja na ya nyeupe ya kawaida ama hajui ama atairuka tabaka moja. Buluu maarufu ya Subaru ni 02C. Kodi peke yake haimalizi kazi, kwa sababu rangi iliyokaa juani miaka kumi imeshabadilika. Fundi apulize kwanza kipande cha bati, kikauke, mkakiweke kando ya fenda nje ya gereji, mkitazame jua likiwa juu na jioni likiwa limelala. Rangi zinazometameta hudanganya sana chini ya turubai.

Kabla ya rangi, uso wa plastiki ulio wazi unahitaji praima ya plastiki. Hakuna njia ya mkato hapa: polipropilini haipendi kushikana na kitu, na rangi iliyopigwa moja kwa moja juu yake hutoka kwa vipande vikubwa mara ya kwanza kokoto inaporushwa na lori. Rangi na klia ziwe za kuchanganywa na hadina, na klia iwekewe dawa ya kuifanya inepe. Hadina hizo zina kemikali zinazoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Kama fundi wako anapuliza akiwa amefunga kitenge puani, umefanya jema ukimnunulia kinyago chenye vichujio, na wewe na watoto wako msimame mbali.

Wakati nao una neno lake. Mvua za Songwe huanza karibu na Novemba zikaenda hadi Aprili, na unyevu huacha ukungu mweupe ndani ya klia. Ninapendelea Mei, kabla baridi haijakaza na kabla upepo wa Agosti haujaanza kubeba vumbi na masizi ya dizeli. Rangi ipulizwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, sakafu ikiwa imemwagiwa maji, na mahali pawe mbali na barabara kuu. Gereji iliyo ukingoni mwa foleni ya malori, hata iwe na fundi hodari namna gani, itakurudishia bampa lenye chunusi. Baada ya hapo usilioshe kwa wiki moja, na nta isubiri mwezi.

Bampa la mtumba kutoka Dar es Salaam wakati mwingine ni nafuu kuliko haya yote, hasa ukilipata la rangi yako. Omba picha ya upande wa ndani, maana masikio ya kushikilia klipu ndiyo hukatika likitolewa kwa nguvu, na bampa lisilo na masikio ni pambo tu. Likija kwa basi lifungwe kwa maboksi na godoro jembamba, lilale peke yake. Likikandamizwa na mizigo kwenye joto la mchana, litapinda, na hapo utarudi kwenye birika la maji ya moto.

Kupunguza mikwaruzo kunategemea zaidi mguu wako kuliko gereji. Wengi hukanyaga breki mpaka tairi linapanda tuta. Breki huinamisha pua ya gari, kwa hiyo unalifikia tuta ukiwa chini kuliko wakati wowote. Punguza mapema, halafu achia breki mita moja kabla ya tairi kugusa, pua ijinyanyue yenyewe. Tuta refu lipande mshazari, tairi moja baada ya jingine, ila si kwenye barabara kuu basi likiwa mgongoni mwako. Ukiwa na abiria wanne na mizigo, washushe wawili, hakuna aibu. Kwenye lami iliyobonyezwa na malori, mifereji miwili ya matairi huacha mgongo katikati, na mgongo huo ndio unaokwangua. Tembeza tairi zako juu ya kingo za mifereji badala ya ndani yake, na mvua ikinyesha punguza mwendo kabisa, kwani mifereji hujaa maji. Ukiegesha, ingia kinyumenyume, pua ibaki nje ya ukingo. Na ukitaka kuchepuka kwenye barabara za vumbi za Mbozi kwenda kuona kimondo cha Ndolezi, bodaboda ni usafiri wa heshima.

Springi zilizokatwa kwa grainda zirudishwe za kiwandani. Najua hili halitapendwa. Lipu laini ya mpira inayofungwa chini ya bampa inasaidia pia: inakwanguka badala ya plastiki, na ikiisha unafunga nyingine.

Neno kwa madereva wa IT, mnaotoa magari bandarini Dar es Salaam na kuyaleta mpakani, zaidi ya kilomita 900. Gari la chini likikabidhiwa kwako, piga video ya chini ya bampa palepale bandarini, sauti yako ikitaja tarehe. Kama limenunuliwa mnadani Japani, omba kuona karatasi yake ya mnada. Kwenye mchoro wa gari, A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokwisha kukarabatiwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Mabampa ya mbele mara nyingi huwa tayari yana A yao tangu huko. Likikwaruzika njiani, mpigie mwenye gari siku hiyohiyo. Ukarabati wa siri wa usiku mmoja pale Tunduma, kwa rangi ya kukisia, hugharimu zaidi ya mkwaruzo, kwa sababu mnunuzi wa Lusaka au Lubumbashi ataanza kujiuliza kuna nini kingine kilichofichwa.

Siku ya kuchukua gari gereji, nenda mchana. Simama mbele, uchuchumae, tazama uwazi kati ya bampa na taa, kushoto na kulia, uwe sawa. Bonyeza kona zote mbili, zisicheze. Washa taa za ukungu na indiketa, maana soketi zake husahaulika. Kisha tafuta kile kifuniko kidogo cha mraba kinachoziba tundu la ndoano ya kuvutia gari. Kisipokuwepo, usilipe salio mpaka kipatikane. Kimebaki mahali fulani kwenye sakafu ile, kimepuliziwa rangi upande mmoja.